Papa, Dinari Yako Ni ya Kweli

Kwako Papa Paluku, huko uliko kusikohitaji koti,

Naanza na habari yenyewe, maana hukupenda barua zinazozunguka nyumba kabla ya kubisha hodi. Dinari yako ni ya kweli. Si nakala, wala si kitu cha kuuzia watalii. Ilipigwa kwa nyundo mjini Roma zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, ni sarafu ya fedha, na tangu Alhamisi imelala ndani ya kabati la kioo katika makumbusho ninamofanya kazi, hapa hapa Brussels. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka humo na kugeuza ufunguo.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha daftari, kama ulivyotaka. Ulikuwa ukisema Kiswahili cha nyumbani ni cha kulia ugali, lakini cha barua lazima kivae viatu. Basi leo nimekivalisha viatu. Maneno yako tu nitayaacha pekupeku, kwa sababu nikiyarekebisha sisikii tena sauti yako.

Nakumbuka Jumapili ile ulipoiokota. Nilikuwa na miaka kumi, na tulikuwa na mwaka mmoja tu Ulaya. Tulikwenda soko la Gare du Midi kununua vitunguu na ndizi za kupika, wewe umevaa lile koti la kahawia uliloachiwa na watu wa kanisa, mikono yake mifupi. Pembezoni mwa soko, karibu na daraja la reli, mzee mmoja alikuwa ametandika blanketi chini. Juu yake kulikuwa na funguo zenye kutu, vijiko, saa zilizokufa na kopo la biskuti lililojaa sarafu za kila nchi. Ukachuchumaa. Ukachuchumaa muda mrefu sana, mpaka nikaona haya, maana watu walikuwa wakitukwepa na vikapu vyao. Kisha ukatoa kwenye lile kopo kitu kidogo cheusi, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ukakisugua na pindo la koti.

"Masika, kuya uone," ukaniambia. "Unaona nini?"

"Muntu anakimbia."

"Anakimbia na nini?"

"Amebeba mutoto."

"Angalia muzuri. Ile haiko mutoto. Ni baba yake."

Ukaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na kichwa cha mwanamke na herufi zilizolika. Ukachukua kidole changu ukakipitisha juu yake, herufi moja baada ya nyingine, kama unavyomfundisha mtu kipofu, mpaka tukapata neno: PIETAS. Nikakuuliza maana yake. Ulifikiri kwanza, kama ulivyokuwa ukifanya darasani Goma.

"Ni ile heshima ya kumubeba mwenye alikubeba."

Mzee wa blanketi hakujua alichokuwa nacho. Alikataa kuiuza peke yake, akakufungia pamoja na saa isiyo na mishale, nawe ukalipa bila kubishana, wewe uliyekuwa ukibishania hata fungu la vitunguu. Wiki ile tulikula maharage siku zote saba. Sikulalamika, kwa sababu sikuwahi kukuona na furaha ya namna ile tangu tufike.

Kwenye tramu ya kurudi nyumbani Etterbeek ndipo uliponisimulia. Ulisema kule Roma, kila mwaka, vijana wa koo kubwa walikuwa wakipewa kazi ya kusimamia upigaji wa fedha. Gazeti halikuwako, redio haikuwako, lakini sarafu iliingia mfuko wa kila mtu. Basi kijana akipewa kazi ile alikuwa anaweka pale habari za ukoo wake. Mmoja aliweka kichwa cha tembo, kwa kuwa babu wa babu yake aliteka tembo wa adui vitani. Mwingine alimweka babu yake akitembea kati ya walinzi waliobeba mashoka.

"Banaandika ukoo yabo ku makuta," ulisema, ukiigonga ile sarafu kwa ukucha. "Muntu akinunua mukate, anabeba jina ya koko yabo."

Na kijana wa dinari yetu alichagua habari ya Sisilia. Hakuna anayejua kwa hakika kwa nini; labda jamaa zake walikuwa na kazi zao huko. Mlima Etna ulitapika moto, na moto ukashuka kwenye mji wa Catania. Watu wakakimbia na dhahabu na fedha zao. Ndugu wawili waliacha kila kitu nyumbani, mmoja akambeba baba, wa pili akambeba mama, na moto ulipowafikia ukagawanyika, ukawaacha wapite.

"Hapa banaonyesha wa kwanza tu," ulisema ukiwa umeishika dinari kwenye kiganja. "Yule mwenye alibeba mama hayuko."

Ukageukia dirishani, dinari umeifumba ndani ya ngumi mpaka tukashuka.

Nilielewa, Papa, hata kwa miaka yangu kumi. Nilikuwa na miaka sita siku mlima wa kwetu ulipopasuka. Mama alikuwa ameshatutoka, nyumbani tulikuwa watatu: wewe, Koko mama yako, na mimi. Nakumbuka harufu kabla ya kitu kingine chochote, kama mtu anachoma msumari. Kisha kelele za majirani kwamba lava imeingia mjini, imekata barabara ya uwanja wa ndege, na inakuja. Sanduku la vitabu vyako vya Kilatini lilikuwa pale mlangoni, tayari umelifunga kamba. Ukaliangalia mara moja tu. Nyonga ya Koko ilikuwa mbovu tangu alipoanguka mwaka wa nyuma yake. Ukamwinamia, ukamwambia, "Mama, panda." Mimi nikashika shati lako nyuma, na hivyo ndivyo tulivyotoka. Tuliporudi, mtaa ulikuwa jiwe jeusi. Nyumba ilikuwa chini ya jiwe lile, na shule yako pia, na sanduku.

Nyumbani kwetu habari ile haikuzungumzwa. Ulipata njia ya kuja Ulaya, ukanileta, Koko akabaki kwa shangazi. Diploma yako ya ualimu waliiweka kwenye faili, na faili likakaa. Ukavaa sare ya mlinzi, ukasimama kwenye mlango wa jengo la ofisi karibu na kituo cha Schuman miaka yote niliyokuwa nikikua. Wakubwa walipita mbele yako na beji zao, na wewe ulikuwa ukisema "Bonjour, Madame. Bonjour, Monsieur." Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yule mtu wa mlangoni angeweza kuwasomea hotuba za Roma kwa kichwa.

Wengi hawakujua. Ila siku ile shuleni kwangu watu wawili walijua, na mimi siku ile naikumbuka kuliko sikukuu yoyote.

Nilikuwa nimemaliza miaka kumi na miwili, na ilibidi nichaguliwe njia ya masomo. Mshauri wa shule alikuita. Alikuwa mama mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio uliotisha. Alisema mimi ni mtoto mtulivu, mikono yangu ni mizuri, na sehemu ya ushonaji itanifaa. Ulikuwa umetoka kazini moja kwa moja, na kofia ya sare ilikuwa magotini. Ukamuuliza, polepole, kwa Kifaransa chako kilichopigwa pasi, kwa nini nisiwekwe kwenye Kilatini.

Akatabasamu. "Monsieur, Kilatini ni kigumu. Watoto wanahitaji mtu wa kuwasaidia nyumbani."

Hukukasirika. Nilikuwa nikikutazama, nikiomba usikasirike, maana nilijua hasira ya mtu mwenye sare yako ingesikika vibaya katika chumba kile. Ulitoa dinari mfukoni, ukaiweka juu ya meza, juu ya karatasi yangu, ukasema, "Naomba umwite mwalimu wa Kilatini. Nitangoja."

Alikuja Madame mwembamba mwenye chaki kwenye mkono wa sweta. Ukasimama, ukamsalimu kwa Kilatini. Si "Ave" ya kanisani. Ulimwambia sentensi ndefu, na kitenzi chake kikafika mwishoni kama mgeni wa heshima. Madame aliinama kuitazama dinari. Kisha akajibu, akitafuta maneno. Ukamrekebisha neno moja kwa adabu, naye akacheka, akavuta kiti akaketi, na kwa muda mlizungumza ninyi wawili tu juu ya ile sarafu, huku mshauri akiangalia mdomo wako na kisha mdomo wa Madame, kama mtu anayetazama mchezo asioujua.

Madame akamgeukia. "Huyu bwana anajua Kilatini kunishinda mimi," alisema. "Mtoto anakuja darasani kwangu."

Tulitoka nje. Nilitaka kukukumbatia, lakini wewe ulikuwa umeshavaa kofia na unaangalia saa, zamu ya pili ilikuwa inakungoja.

"Bon," ulisema. "Nimeshasema una akili. Donc usinifanye mwongo."

Sikukufanya mwongo. Kila siku yako ya mapumziko tulikaa jikoni, mimi namenya viazi na kutaja miisho ya majina, wewe umekaa kwenye kile kiti kimoja kisichoyumba, macho umefumba. Nikikosea ulifumbua jicho moja. Nikimaliza kifungu kizima bila kosa ulisema tu, "Menya na kile kingine," na nilijua nimesifiwa.

Sasa nafika mahali ambapo barua hii ni ngumu, nami sitapita pembeni.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na ni mimi niliyekusukuma tuipeleke dinari kwa mtaalamu. Wewe hukuona haja. Ulisema ulishaisoma, na aliyesoma hahitaji kuambiwa. Lakini mimi nilitaka karatasi yenye muhuri. Tukaenda kwenye duka moja la vitu vya kale, lenye zulia na kengele mlangoni. Ilikuwa Jumamosi kati ya zamu zako mbili, kwa hiyo ulikuwa na jaketi la ulinzi. Mwenye duka aliangalia jaketi, akaangalia dinari, na hakuchukua hata kioo cha kukuzia. Aliirusha kidogo kiganjani, akasema ni nyepesi mno, ni nakala, zinauzwa kila kona kule Roma.

"Asante, Monsieur," ulisema.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Tulitembea mpaka kituo. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Papa, hata wewe unaweza kukosea."

Ulipofika nyumbani uliitia dinari kwenye kikopo cha dawa kilichokuwa tupu, ukakipandisha juu ya kabati. Tangu siku ile hukuitaja tena, isipokuwa mara moja.

Mara hiyo moja ilikuwa hospitalini. Moyo wako ulikuwa umechoka, na mimi nilikuwa nimeanza mwaka wa mwisho chuo kikuu. Alasiri ile uliniuliza nasoma nini sasa. Nikakwambia, sarafu, Papa, sarafu za Roma. Ulicheka mpaka muuguzi akachungulia.

"Hata kama yetu iko ya uongo?"

Nilikuwa na nafasi ya kukuomba radhi. Ulikuwa macho, ulikuwa na furaha, mkono wako ulikuwa mkononi mwangu. Nikakuwekea mto vizuri badala yake. Siku nne baadaye tulikuzika, na Koko hakuweza kuja, akakulilia kwenye simu iliyoshikwa juu na shangazi.

Basi naomba radhi sasa. Kosa langu halikuwa kuwa na shaka. Wewe mwenyewe ulinifundisha shaka. Kosa langu ni kwamba niliamini zulia na kengele kuliko baba yangu.

Nilipata kazi kwenye chumba cha sarafu cha makumbusho mwaka uliofuata. Miaka yote hiyo, Papa, nilipima dinari za watu wengine. Niliandika uzito wa kila moja, nikapiga picha, nikazipanga. Na kikopo cha dawa kilikuwa juu ya kabati langu, na sikukifungua. Niliogopa. Nilijua kwamba sasa nikiitazama nitajua mara moja, na ikiwa ni nakala, mtu wa kukuambia umekosea atakuwa mimi kwa mara ya pili.

Kisha mwaka huu ukaja mpango wa maonyesho: sarafu za fedha za Roma, na historia za koo zilizoandikwa juu yake. Madame Godelieve, mkuu wa chumba chetu, mama wa Kiflandria mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, alipanga orodha mezani.

"Tembo tunao," alisema. "Babu na walinzi wake tunao. Ndugu wa Catania hatuna. Itabidi tuazime nje."

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi ninaye. Ila nadhani ni nakala."

Akashusha miwani ya kichwani. "Unadhani, au uliipima?"

Nililala na swali lile, na kesho yake nikaja na kikopo. Sikuigusa mimi. Nilimwomba aipime yeye, bila kumwambia ilitoka wapi, nikasimama dirishani nikihesabu magari. Alikaa nayo asubuhi nzima. Aliipima uzito: ndiyo, ilikuwa pungufu kidogo, kama kitu chochote kilichopita mikononi kwa vizazi. Alitafuta vitundu vya hewa ambavyo nakala za kumimina huwa navyo, hakuviona. Alitafuta mshono kwenye ukingo, haukuwapo. Kisha akaniita.

"Njoo hapa. Tazama kisigino cha huyu anayekimbia."

Chini ya kioo niliona mstari mwembamba kama unywele, umetoka kwenye kisigino umeenda hadi ukingoni. Akanifungulia picha ya dinari nyingine, iliyohifadhiwa katika nchi nyingine, iliyopigwa kwa muhuri ule ule wa chuma. Nayo ilikuwa na mstari kwenye kisigino. Ila ule ulikuwa mfupi, uliishia katikati.

Nilielewa kabla hajasema, lakini nilitaka aseme.

"Muhuri ulikuwa umeanza kupasuka," alisema. "Hii ya kwenye picha ilipigwa mapema. Hii yako ilipigwa baadaye, ufa ukiwa umesogea. Nakala hubeba ufa ilioukuta, Masika. Haiwezi kuuendeleza."

Wiki mbili baadaye maabara ilisema hivyo hivyo kuhusu madini yake. Lakini mimi sikungoja maabara. Niliketi kwenye kiti chake, yule mama akanipa leso, akaniuliza ilitoka wapi.

"Kwenye blanketi, soko la Midi. Baba yangu aliiokota."

"Na alijuaje?"

"Aliisoma."

Alichukua kalamu. Kisha akasema, "Basi iandikwe hivyo."

Nilimpigia Koko simu palepale ofisini. Nikamwambia, "Koko, makuta ya Papa iko ya kweli." Koko akashangaa.

"Na nani alisema haiko ya kweli?" akaniuliza.

Nilimwandikia mwaliko. Viza ilikataliwa mara ya kwanza, kwa barua ya mistari mitatu. Nikaandika tena, na safari hii Madame Godelieve akaandika pamoja nami, na Madame wa Kilatini, ambaye sasa amestaafu, akaandika pia bila kuombwa, kurasa mbili nzima. Ikatoka. Koko akavuka mpaka, akapanda ndege Kigali, na akashuka hapa Jumanne asubuhi amevaa masweta mawili na begi limejaa unga wa muhogo na samaki wakavu. Jumatano nikampeleka kwako. Mlionana, sihitaji kukusimulia. Aliomba nisimame mbali, nikasimama mbali.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Walikuja watu wa vyuo, na mabalozi wawili, na mwandishi wa redio. Lakini walikuja pia mamans, wale akina mama wa kanisa letu, na vilemba vyao virefu, na wenzako watatu wa zamani wa ulinzi, mmoja wao bado na sare maana alikuwa anaelekea zamu. Ukutani tulikuwa tumeweka picha kubwa ya dinari yako, kubwa kama mlango, ili kila mtu amwone yule mtu akikimbia na baba yake begani.

Mkurugenzi alihutubia. Madame Godelieve akaeleza ufa. Kisha, kabla watu hawajaenda kwenye vinywaji, Koko akainuka kwenye kiti alichopewa mbele, akaelekeza fimbo yake kwenye ile picha.

"Masika, uwaambie," alisema kwa sauti. "Hii haiko vile."

Ukumbi ukageuka. Nikamwendea, nikamuuliza taratibu ni nini.

"Paluku hakunibeba ku mabega. Angenibeba vile ningeanguka. Alinifunga ku mugongo na kikwembe, sawa mutoto. Uwaambie."

Nikawaambia. Mtu mmoja nyuma akauliza kama mama angependa kuendelea. Angependa. Basi akasimulia, Papa, habari ambayo nyumbani kwetu haikuwahi kutoka mdomoni mwa mtu, akaisimulia mbele ya watu wasiomjua, na mimi nikawa mdomo wake kwa Kifaransa. Akawasimulia jinsi mlivyokwenda barabara nzima ukitweta, na yeye anakugombeza mgongoni kwa sababu sufuria yake mpya imebaki jikoni.

"Nilimwambia, unishushe, nirudie sufuria yangu. Akanijibu, Mama, nyamaza, volcan haingoje sufuria. Na mimi nikakasirika. Nilikasirika mpaka tukafika Sake. Sikumwambia aksanti siku ile, wala kesho yake." Akapumzika juu ya fimbo. "Bon. Sasa nimesema. Bantu bote bamesikia."

Nilitafsiri mpaka neno la mwisho, sijui kwa sauti gani. Kisha aliyeanza kupiga makofi ni Madame wa Kilatini, na baada yake wote, wakiwa wamesimama, na mamans wakapiga vigelegele kwenye ukumbi wa marumaru ambao nadhani haujawahi kusikia kitu kama kile. Yule mwenzako wa ulinzi alivua kofia. Koko aliwatazama kama mtu aliyezoea, akaniomba maji.

Unajua nilichowaza wakati ule? Niliwaza juu ya yule ndugu wa pili asiyeonyeshwa. Wasomi wameandika mengi kuhusu wa kwanza, kwa kuwa yuko kwenye fedha. Wa pili tumempata. Alikuwa mwalimu Goma, na shahidi wake amekuja na fimbo.

Jana, Jumamosi, haikuwa siku yangu ya kazi, lakini nilikwenda. Nilitaka kuona watu wa kawaida wakiitazama bila hotuba. Nikakaa kwenye benchi la pembeni. Wengi walipita, wakasoma, wakaenda kwa tembo. Karibu na saa nane aliingia mama mmoja nisiyemfahamu, wa kwetu kwa uso na kwa namna alivyofunga kikwembe chini ya koti, na mabinti wawili. Mabinti walikuwa wanasoma kibao kwa Kifaransa. Mama akainama karibu na kioo na akaona kwamba chini ya Kifaransa na Kiholanzi kuna lugha ya tatu. Kile kibao nilikiandika mimi, Papa, na Madame Godelieve alikipigania kwenye mikutano miwili. Mama yule akaanza kukisoma kwa sauti, polepole, kidole hewani:

"Dinari ya fedha, Roma. Mwana akimbeba mzazi wake kutoka kwenye moto wa mlima. Ilitambuliwa na kusomwa na Paluku, mwalimu wa Kilatini, Goma na Brussels. Imeazimwa kutoka kwa ukoo wake."

Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akawagusa mabinti zake mabegani.

"Muone," akawaambia. "Bametuandika."

Lala salama, Mwalimu. Koko anakusalimu, yuko jikoni anagombeza jiko langu la umeme. Sikuwa na muhuri wa kukubandikia hapa chini, na najua hukuuhitaji kamwe.

Ni mimi, binti yako wa pekee na mwanafunzi wako wa mwisho,

Masika